Kugeuza dizeli ya lita 12 iwe ya gesi asilia: mchanganyiko mwembamba au lambda 1 na EGR?

Plagi_Sita

Wakuu, habari za kazi. Swali kwa mnaoshughulika na injini za gesi.

Tuna injini ya dizeli ya silinda 6, kipenyo 128 mm, mwendo wa pistoni 155 mm, kwa hiyo karibu lita 12. Tunaigeuza itumie gesi asilia pekee na iwashwe na plagi. Silinda hedi haijaguswa: ni bapa, valvu 4 kila silinda, plagi imekaa palipokuwa injekta. Pistoni zimechongwa bakuli pana hadi uwiano wa mgandamizo ukashuka kuwa 12. Gesi inachanganywa na hewa kwa mikisa kabla ya tabochaja. Kemshafti ni ileile ya dizeli.

Kwenye lambda 1.4 (yaani hewa ni mara 1.4 ya ile inayotosha kuunguza gesi yote; juu ya 1 mchanganyiko ni mwembamba, chini ya 1 ni mzito) injini inatulia lakini NOx (oksidi za nitrojeni) iko juu mno. Tukifika 1.6 inaanza kumisi, COV ya IMEP (jinsi nguvu ya mwako inavyoyumba toka mzunguko mmoja hadi mwingine) inapita asilimia 5 na methani kwenye ekzosi inapaa. Taimingi tumeirudisha nyuma na kuisogeza mbele, nafuu ni ndogo.

Kazi yenyewe ni lori, mzigo unapanda na kushuka muda wote. Lengo ni mipaka ya moshi ya Ulaya, Euro VI, kwenye mzunguko wa majaribio wa WHTC, ambamo mzigo hubadilika muda wote: NOx 0.46 g na methani 0.5 g kwa kila kWh.

Huku kwetu wamegawanyika. Wa kwanza wanasema tuongeze chumba cha awali cha kuwashia, twende lambda 1.8, halafu katalisti ya kuunguza methani. Wengine wanasema turudi lambda 1, tuweke EGR iliyopozwa (sehemu ya ekzosi inayorudishwa silindani) na katalisti ya njia tatu. Nyie mngefanyaje? Na hii methani hasa inatoka wapi?

---

Lambda_Moja

Mkuu, kwa lori nenda na kundi la pili. Kinachoamua hapa ni joto la ekzosi, ufanisi unafuata baadaye.

Methani ndiyo hidrokaboni ngumu kuliko zote kuvunjwa na katalisti. Kukata kifungo chake cha kwanza cha hidrojeni kunadai takriban 439 kJ kwa moli, kwa hiyo platinamu inayounguza mabaki ya petroli bila shida haifui dafu hapa. Inatakiwa paladiamu, tena nyingi, na joto. Katalisti mpya hufikia nusu ya kazi yake kwenye nyuzi 400 hadi 450 hivi. Ikizeeka, hesabu 500 na kuendelea. Ekzosi ya mchanganyiko mwembamba kwenye mzigo mdogo haifiki huko. Kisha kuna salfa: hata sehemu 1 kwa milioni kwenye ekzosi inailemaza paladiamu taratibu, na mahali penye oksijeni nyingi haijisafishi yenyewe mpaka ipate joto kali au ipitishiwe mchanganyiko mzito. Mvuke wa maji nao unaizuia. Yaani kundi la kwanza linanunua madini ghali ili yalale usingizi kila lori linaposimama kwenye foleni.

Kwenye lambda 1 ekzosi ni ya moto na haina oksijeni ya ziada, kwa hiyo katalisti moja inashughulikia NOx, CO na methani kwa pamoja. Ni njia hiyo iliyoifikisha injini ya lita 8.9 ya Cummins Westport mwaka 2015 kwenye cheti cha NOx 0.02 g kwa kila bhp-hr (nguvu farasi moja kwa saa moja), sehemu moja ya kumi ya kiwango cha Marekani cha wakati ule.

Ila lambda 1 kwa gesi si 1.000 kamili. Methani inavunjika vizuri upande mzito kidogo, karibu 0.99, huku lambda ikitikiswa juu na chini kwa asilimia 1 au 2, takriban mara moja kwa sekunde. Ukizidisha uzito katalisti inaanza kutengeneza amonia, na Euro VI inaruhusu ppm 10 tu. Ukiteleza upande mwembamba NOx inapita yote. Dirisha ni dogo sana, kwa hiyo mikisa iliyo kabla ya tabochaja isahau: mchanganyiko uliojaa kwenye mabomba na intakula (kipozeo cha hewa ya kuingia) unatakiwa uishe kwanza ndipo marekebisho yako yafike silindani. Weka injekta ya gesi kwenye kila mlango wa hewa, sensa ya oksijeni moja kabla ya katalisti na nyingine baada yake.

Kitu kinachosahaulika: dereva akiachia pedali na gesi ikakatwa, katalisti inajaa oksijeni. Akikanyaga tena, NOx inapita bila kuguswa mpaka oksijeni hiyo iishe. Panga mchanganyiko mzito kwa muda mfupi sana kila gesi inaporudi. Bila hivyo jaribio la mzigo tulivu litaonekana safi kabisa na WHTC itakuangusha.

EGR nayo usiifanye hiari. Lambda 1 bila EGR kwa shinikizo la tabochaja itakupa ekzosi ya moto kuliko nyuzi 760, na hapo ndipo chuma cha kawaida cha tabochaja za dizeli kinapoishia. Silinda hedi ya dizeli pia itaanza kupasuka kati ya valvu.

---

Ringi_ya_Juu

Naongezea kwenye swali la pili, methani inatoka wapi. Anza na pistoni.

Ukigeuza dizeli unarithi kitu ambacho kwenye dizeli hakikuwa na madhara: mwanya ulio juu ya ringi ya kwanza, kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Kwenye dizeli mle huingia hewa tu. Kwenye gesi iliyochanganywa mapema mle huingia mafuta, na mwali haupenyi kwenye mwanya wa chini ya nusu milimita kwa sababu kuta zinaupoza mpaka unazimika.

Piga hesabu kwa vipimo vyako. Tuseme kimo kutoka kichwa cha pistoni hadi ringi ni 9 mm, na mwanya ni 0.4 mm injini ikiwa ya moto. 3.14 × 128 × 9 × 0.4 ni karibu sentimita 1.45 za ujazo. Silinda moja ni sentimita 1,995 za ujazo, na kwa uwiano wa 12 chumba cha mwako kinabaki na 181. Mwanya ni asilimia 0.8 tu, mtu anaupuuza. Tatizo ni kwamba gesi ya mle mwanyani iko karibu na joto la ukuta, tuseme kelvini 450, na inasindiliwa na shinikizo la kilele cha mwako. Silinda ikijazwa kwa bar 2 na kelvini 330, kisha kilele kikafika bar 150, hesabu ni 150 × 1.45 / 450 juu ya 2 × 2,176 / 330. Jibu ni kama asilimia 3.7 ya mchanganyiko wote. Ile 0.8 imekua zaidi ya mara nne.

Hicho ni kiwango cha juu. Sehemu ya kinachosindiliwa imeshaungua tayari, na pistoni ikishuka mabaki yanarudi silindani na kuungua ikiwa bado kuna joto. Ndiyo maana pistoni ileile inatoa methani nyingi zaidi kwenye lambda 1.6 kuliko kwenye 1.0: silinda imeshapoa mno wakati gesi inatoka mafichoni. Taimingi haiwezi kukuokoa hapo.

Ukishusha kimo toka 9 mm hadi 5 mm, ile 3.7 inakuwa 2.0. Bei yake ni ringi kukaa karibu na moto: oili inageuka kaboni kwenye mfereji na ringi inanata. Pistoni ya alumini itahitaji kibebea ringi cha chuma cha nikeli kilichosubiwa ndani yake na mfereji wa oili wa kuipoza. Ya chuma kilichofuliwa inavumilia zaidi. Kagua pia gasketi ya silinda hedi. Mara nyingi tundu lake ni kubwa kuliko silinda kwa milimita 1 au 2 kila upande, na pete hiyo yote ni maficho. Kikombe ulichowekea plagi palipokuwa injekta kina hadithi hiyohiyo.

Halafu kemshafti. Mikisa iko kabla ya tabochaja, kwa hiyo kila valvu ya kuingiza na ya kutoa zinapokuwa wazi kwa pamoja na shinikizo la kuingia likazidi la ekzosi, mchanganyiko mbichi unakwenda nje moja kwa moja. Ukihamia injekta za mlangoni, anza kumwaga gesi valvu ya ekzosi ikishafungwa. Kama unabaki na mikisa, hakuna njia nyingine ila kemshafti yenye mwingiliano mfupi.

---

Plagi_Sita

Asanteni sana wakuu. Kimo chetu ni 10 mm, kwa hiyo hali ni mbaya zaidi ya hesabu hiyo. Lambda_Moja, nikiweka EGR ya asilimia 20 mwako hautakuwa wa polepole kama ule wa lambda 1.6? Na maji je? Nimeona picha za kipozeo cha EGR kilicholiwa na kutu.

---

Bingirika

Utakuwa wa polepole, ndiyo, na hapo silinda hedi yako ndiyo kikwazo. Mwali wa methani na hewa ukiwa umetulia, kwenye joto na shinikizo la kawaida, unakwenda karibu mita 0.4 kwa sekunde. EGR inaupunguza zaidi. Mbio zote zilizobaki zinatoka kwenye msukosuko wa hewa, na hedi ya dizeli inatoa msukosuko wa aina isiyotufaa: hewa inazunguka kuufuata mhimili wa silinda kama maji yanayokorogwa kikombeni, na inaendelea kuzunguka hivyo hivyo hadi pistoni inafika juu, huku ikipeleka joto ukutani. Kinachotakiwa ni hewa ibingirike toka juu kwenda chini. Pistoni ikipanda, mbingiriko huo unabanwa, unavunjika vipande vidogo vya msukosuko palepale plagi inapowaka. Ndiyo sababu injini mpya za gesi zinatengenezewa hedi yake, na milango ya hewa iliyoinamishwa, badala ya kuazima ya dizeli.

Kama hedi haibadiliki, fanyia kazi bakuli la pistoni. Bakuli lako pana halisaidii. Lifanye jembamba na la kina kiasi, ubakishe ukingo mpana unaokaribia hedi kwa kama milimita 1 ili hewa isukumwe kwa nguvu kuelekea katikati. Uwiano wa mgandamizo uweke kwa kubadili kina. Mwanya wenyewe wa ukingo nao unazima mwali pembeni, kwa hiyo usiupanue hovyo. Milimita 3 inakupa hasara zote mbili.

Shabaha: nusu ya joto iwe imeshatoka nyuzi 8 hadi 10 za kranki baada ya pistoni kufika juu, asilimia 10 hadi 90 iishe ndani ya nyuzi 25 au 30, COV chini ya 3. Kama mwako ni mrefu kuliko huo utalazimika kuwasha mapema, gesi ya pembeni itakaa muda mrefu kwenye joto, na injini itaanza kugonga (gesi kujilipukia yenyewe kabla mwali haujaifikia) hata kwa mafuta mazuri. Fuatilia pia namba ya methani ya gesi unayopewa, yaani kipimo cha jinsi inavyohimili kugonga: propani na butani zikiongezeka inashuka haraka, na uwiano wa 12 unaopendeza kwenye namba 85 unaweza kugonga kwenye 70. Sensa ya kugonga kwa kila silinda mbili ni kiwango cha chini.

Plagi: ziba pengo hadi 0.3 au 0.4 mm. Pengo la petroli la 0.8 kwenye msongamano huu linadai voltiji kubwa mno na cheche inapitia nje ya kauri. Ukiona silinda moja inamisi kwenye mzigo mkubwa tu, kagua mpira wa plagi kwanza kabla hujagusa ramani ya taimingi.

Chumba cha awali kisicho na gesi yake, cha kama sentimita 1 ya ujazo, kinasaidia sana kwenye EGR kwa sababu miali inaruka toka kwenye matundu na kuwasha sehemu nyingi kwa mpigo. Udhaifu wake ni mzigo mdogo na injini baridi: moshi wa zamani unabaki humo na cheche haina cha kuwasha. Kwa lori linalolala baridi na kuamshwa asubuhi, hilo ni jambo la kulijaribu mapema.

Sasa maji. Kila kilo ya methani inatoa kilo 2.25 za maji, na ekzosi ya lambda 1 ina mvuke kama asilimia 19 kwa ujazo. Ndani ya kipozeo cha EGR, kwa shinikizo la bar 2.3, mvuke huo unaanza kugeuka matone karibu nyuzi 78. Kipozeo kinachotumia maji ya injini ya nyuzi 85 kiko salama. Hatari ni dakika za kwanza, maji yakiwa bado baridi. Funga valvu ya EGR mpaka maji yapite nyuzi 80. Baada ya kuchanganya asilimia 20 na hewa kwenye bar 2, nukta ya umande inashuka kuwa kama nyuzi 41, na siku ya unyevunyevu inapanda. Kwa hiyo usiipoze hewa ya kuingia chini ya 50, hata kama intakula inaweza. Tindikali inayokula kipozeo inatoka hapo, kwenye matone, siyo kwenye moshi mkavu.

---

Saa_Elfu

Nakubali yote kwa lori, lakini msiuzike mchanganyiko mwembamba. Kwenye jenereta inayokaa mzigo mmoja saa nyingi mfululizo bado ndio unaotawala, na injini kubwa za silinda pana zinafikia ufanisi wa karibu asilimia 50. Siri yake ni chumba cha awali chenye valvu yake ya gesi: ujazo wa asilimia 2 hadi 5 ya chumba cha mwako, mchanganyiko wa ndani karibu na lambda 1 au mzito kidogo, ilhali silinda yenyewe iko kwenye 1.8 hadi 2. Asilimia 1 au 2 tu ya gesi inapita humo. Ukiimwaga zaidi, chumba hicho kidogo chenyewe kinakuwa kiwanda cha NOx na huoni tena faida ya kupunguza uzito wa mchanganyiko silindani.

Kinachoharibika kwanza ni valvu ndogo ya kuzuia gesi isirudi. Majivu ya oili na matone vinaigandisha; ikiganda wazi, moshi unarudi kwenye bomba la gesi, ikiganda imefungwa, silinda inamisi. Dalili ni joto la ekzosi la silinda moja kushuka ghafla kuliko wenzake.

Oili, kwa njia zote mbili: majivu ya salfeti karibu asilimia 0.5. Yakizidi yanajenga vijiwe vya moto kichwani mwa pistoni na gesi inawaka kabla ya cheche. Yakikosekana kabisa, valvu zinachimba viti vyake, maana gesi haina masizi ya kuzilainisha. Viti vya dizeli badilisha, weka vigumu zaidi.

---

Kipimo_Kwanza

Kabla ya kununua hata pistoni moja, hakikisheni mnapima sawasawa.

Geji nyingi za sensa pana za oksijeni (wideband) zinaonyesha uwiano wa hewa na mafuta kwa kipimo cha petroli, ambapo 14.7 ni lambda 1. Kwa methani tupu lambda 1 ni 17.2. Soma lambda yenyewe, achana na uwiano. Analaiza ya FID ya hidrokaboni inahesabu kaboni zote. Bila kikata hidrokaboni nyingine hujui methani ni kiasi gani. FTIR (analaiza ya miale ya infraredi) ni bora, kwa sababu inakupa amonia na N₂O (oksidi ya nitrasi) kwenye kipimo hichohicho.

Pumzi ya kasha la kranki (gesi inayopenya ringi kwenda chini) usiiache nje ya hesabu. Kwenye ufanisi wa asilimia 40 injini inakula kama 180 g ya methani kwa kWh. Asilimia 0.5 tu ya mchanganyiko ikipenya ringi, hiyo ni 0.9 g kwa kWh inayotoka kwenye bomba la pumzi ambalo analaiza ya ekzosi hailioni, na kikomo chote ni 0.5. Irudishe kwenye hewa ya kuingia, na uweke kichujio kizuri cha ukungu wa oili, la sivyo kompresa ya tabochaja na intakula vitapakaa utelezi.

Kwa wanaouliza kwa nini tunahangaika na gramu hizi: kwa kila MJ, methani inatoa karibu 55 g za hewa ya ukaa, dizeli 74. Faida ni 19 g. MJ moja ya methani ni 20 g, na kwa kipimo cha miaka 100 cha IPCC kila gramu ya methani ya kisukuku iliyovuja ni sawa na gramu 29.8 za hewa ya ukaa. Ufanisi ukiwa sawa, na ukitoa 2.75 g ambazo gramu hiyo ingetoa kama ingeungua, uvujaji wa asilimia 3.5 unafuta faida yote. Kwa kipimo cha miaka 20, ambacho ni 82.5, inatosha asilimia 1.2. Na injini ya plagi kwa kawaida haiufikii ufanisi wa dizeli, kwa hiyo nafasi mliyonayo ni ndogo kuliko hiyo.

Kujua methani inatoka wapi, mkuu, fanya hivi. Shikilia mzigo na mizunguko 1,200 kwa dakika, panda lambda toka 1.2 hadi 1.6 kwa hatua za 0.05, uandike methani na COV pamoja. Sehemu ambayo COV bado iko chini ya 3 na methani tayari ipo, hiyo ni mianya na kemshafti. Pale zinapopaa kwa pamoja ni mwali kuzimika. Kisha rudi lambda 1.2 na uongeze shinikizo la ekzosi taratibu kwa valvu ya nyuma, taimingi na lambda vikiwa palepale. Methani ikishuka kadiri shinikizo linavyopanda, gesi inakatiza kati ya valvu, badilisha kemshafti. Isiposhuka, pistoni ndiyo ya kwanza kufunguliwa.